Nilivyomwomba bibi mwenye wajukuu wanne kitambulisho

"Mwanangu, mimi nina wajukuu wanne. Leo waniuliza kama nimetimiza miaka kumi na minane?"

Ujumbe wa sauti, sekunde 9, kisha kimya. Nilikuwa nimekaa jikoni na kisu cha samaki mbele yangu juu ya gazeti, mpini wa mpingo, makali membamba kama jani la mchaichai, na nilijua nimemuudhi mtu mzima. Yule mama ni wa Unguja, anaishi kusini mwa England, na namba yangu alipewa na mtu tuliyekutana naye harusini. Alikuwa ameshakubali bei ya kisu hicho. Mimi ndiye niliyeharibu, kwa swali moja.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo nitaonekana sina adabu.

Mimi ni mpishi, mtoto wa Tanga, na maisha yamenileta Sheffield. Anayepika kwa riziki akihamia Sheffield ni kama mvuvi aliyehamia Pemba. Huu ni mji wa visu. Chama cha wahunzi wake wa visu kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624 na kipo hadi leo, na hapahapa Harry Brearley alipata chuma kisichoshika kutu mwaka 1913. Viwanda vingi vimefungwa, ila visu vyenyewe havikwenda popote. Vimelala kwenye droo za wazee. Mzee akifariki, watoto wanamimina droo kwenye boksi na kulipeleka kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu hufungua buti za magari na kuuza vyombo vya nyumbani. Kwa pauni 2 au 3 unaondoka na kisu ambacho fundi alikikalia siku nzima.

Nikanunua. Nikanunua tena. Siku moja mke wangu alifungua kabati kutafuta mwiko, akahesabu visu 41, akaniuliza kama tumefungua bucha na yeye hajaambiwa. Ndipo nikaanza kuuza, kimoja kimoja, kama mtu binafsi anayepunguza vitu vyake. (Ukianza kununua ili uuze, mamlaka ya kodi inakuhesabu mfanyabiashara, ila mauzo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka hayakulazimu kutoa taarifa. Andika kwenye daftari, usingoje kuulizwa.)

Cha kwanza nilikipeleka posta nikiwa na kiburi. Kisu cha mpishi, inchi 8. Nilikiviringisha kwenye gazeti, nikakitia kwenye bahasha yenye mapovu ya hewa, nikabandika anwani. Karani aliichukua, akaigeuza ili aipime, akasimama. Akanionyesha kwa kidole bila kuigusa: ncha ya kisu ilikuwa imetoka kwenye kona ya bahasha, milimita tatu hivi, inang'aa chini ya taa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kuna mtu angeingiza mkono wake kwenye gunia." Nilirudi nayo nyumbani nimeinamisha kichwa.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba kisu ndani ya boksi si kitu kilichotulia. Boksi likidondoka upande wa ncha, uzito wa mpini unakisukuma kisu mbele kama msumari unaopigwa nyundo. Ukiyafunika makali ukaacha mpini unacheza, hujafanya kitu. Kwa hiyo sasa naanzia kwenye mpini. Nakata kadibodi ya boksi zito, ile yenye mawimbi ndani (ya boksi la nafaka ni karatasi tu, isikudanganye), naikunja katikati, mkunjo ukae upande wa makali, kisha naiacha ipite ncha kwa vidole viwili. Pale mbele ya ncha natia kizibo cha chupa. Naizungushia selotepu kadibodi, si chuma, maana gundi ikishikana na chuma cha zamani inaondoka na rangi yake. Halafu naufunga mpini kwa kamba kwenye kadibodi hiyohiyo, ili ala na kisu viwe kitu kimoja. Hapo ndipo naviringisha vitambaa na kutia kwenye boksi gumu.

Kisha nalitikisa boksi sikioni. Likisema neno, nafungua naanza upya.

Visu vya zamani vya chuma cha kaboni vina ugonjwa mwingine. Kadibodi hunyonya unyevu, na siku nne kwenye ghala la baridi zinatosha kukipandisha kutu kisu ulichokisugua wiki nzima. Mimi napaka mafuta kidogo, naviringisha karatasi ya kuokea, ndipo nafunga ala. Mnunuzi mmoja aliniandikia kwamba kisu chake kilifika kinanukia kama mkate. Sikumwambia kwamba karatasi ilishatumika.

Kwa upande wa posta yenyewe, Royal Mail inakubali visu ndani ya Uingereza, na masharti yake ya ufungaji ni yaleyale aliyonifundisha karani kwa kidole: kadibodi nzito kwenye makali na ncha, kifungashio kisichotoboka, na jina na anwani ya mtumaji vionekane kwa nje. Masharti haya yanaulinda mkono wa mtu wa posta, basi. Hayakuulizi unamuuzia nani.

Anayeuliza ni sheria, nayo haina utani. Nazungumzia England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini wana taratibu zao. Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988, kifungu cha 141A, inasema mtu yeyote anayemuuzia kisu aliye chini ya miaka 18 ametenda kosa. Mtu yeyote. Haikusema duka wala kampuni. Mimi na visu vyangu 41 tumo humo. Kisu kidogo cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3, kimeachwa nje, lakini kisu cha jikoni, hata kile cha kumenyea viazi, kimo.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilijiambia: basi, nitaandika kwenye tangazo "kwa watu wazima tu" na mambo yameisha. Hayakuisha. Sheria ya silaha ya 2019 iliongeza masharti kwa mauzo ambayo muuzaji na mnunuzi hawaonani uso kwa uso, na masharti hayo yameanza kutumika Aprili 2022. Kisu chako kikiangukia mkononi mwa mtoto, huwezi kujitetea kwamba ulikuwa mwangalifu mpaka uonyeshe ulikuwa na utaratibu wa kuhakiki umri ambao kweli ungeweza kumzuia mtoto. Uonyeshe pia kwamba kifurushi kiliandikwa wazi kwa nje kwamba ndani mna kitu chenye makali na kikabidhiwe mkononi kwa mwenye miaka 18 au zaidi. Kwamba ulichukua hatua za kuhakikisha hilo linafanyika. Na kwamba hukukipeleka kwenye kabati la kuchukulia vifurushi, yale makabati ya chuma yaliyosimama nje ya maduka. Na kupeleka kitu chenye makali kwenye nyumba ya kuishi, bila utaratibu wa kuhakikisha anayekipokea mlangoni ni mtu mzima, ni kosa la peke yake.

Lile la kabati lilinigharimu mteja. Jamaa alikuwa mstaarabu, anafanya kazi usiku, akasema kabati ndilo jibu pekee kwake. Nikamwambia siwezi. Akaniambia amenunua vitu mia kwa njia hiyo. Nikamjibu kwamba simshuku yeye, ila kabati halina macho. Hakuandika tena.

Watu wengi hunisukumia swali la panga. Jamaa mmoja wa Murang'a, anayelima sukuma wiki kwenye kishamba cha kukodi huko Leeds, aliniomba nimtafutie panga la maana, kama lile la baba yake lenye alama ya mamba. Nilicheka, kwa sababu yale mapanga ya mamba tuliyokua nayo Afrika Mashariki, tukidhani ni ya kwetu tangu asili, yalikuwa yakifuliwa Birmingham na Ralph Martindale. Baba yake alikuwa akifyeka kwa panga la Kiingereza. Lakini siku hizi neno panga kwa Waingereza ni neno la taarifa ya habari. Tangu 24 Septemba 2024 ni marufuku kumiliki, achilia mbali kuuza, mapanga na visu vya kutishia: makali yanayozidi inchi 8, ncha kali, na juu yake mapambo kama meno ya msumeno, matundu mengi au miiba. Panga la shamba lisilo na urembo huo halimo kwenye orodha. Hata hivyo nilimwambia aende dukani akalichukue mwenyewe. Sikutaka kuwa mtu wa kutuma panga.

Kuna siku sheria ya visu haikunihusu kabisa, ila mpini ulinihusu. Nilipata kwa pauni 6 seti ya visu sita vya mezani, vipini vyeupe vyenye umanjano kidogo, laini kama sabuni iliyotumika. Nilivisafisha nikiwa na furaha, mpaka nilipokitazama kimoja kwa lenzi, pale mwisho wa mpini. Mfupa wa ng'ombe una vitundu vidogo vyeusi. Plastiki ya kizamani ina mistari iliyonyooka kama daftari. Huu ulikuwa na mistari iliyopishana kama wavu wa kuvulia dagaa. Pembe ya ndovu.

Nilikiweka chini. Si kwa woga wa sheria, hiyo ilikuja baadaye. Karne ya 19 Sheffield ilikuwa inameza pembe kwa ajili ya vipini. Kampuni ya Joseph Rodgers ilikuwa na ghala lake la pembe, watu mashuhuri wanapelekwa kulitazama. Na soko kubwa la pembe lilikuwa Unguja, kwa mizigo iliyobebwa begani kutoka bara hadi Bagamoyo na pwani nyingine. Siwezi kujua hizi sita zilipitia wapi, huenda hazikupita kwetu kabisa. Lakini mimi, mtoto wa pwani ileile, nimezikuta kwenye boksi la kadibodi kwenye maegesho ya magari, katikati ya chaja za simu na sahani za harusi ya Malkia. Nilikaa nazo kimya mpaka chai ikapoa.

Sheria ya Pembe za Ndovu ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza kuziuza isipokuwa kwa milango michache. Kitu cha kabla ya 1947 ambacho pembe yake ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake unaweza kukisajili kwa pauni 20 ukauza. Kisu cha mezani chenye mpini mzima wa pembe hakikaribii hiyo asilimia 10. Seti ile ipo kabatini, haiuzwi, haitumwi. Wajukuu watajua la kufanya.

Sasa turudi kwa yule bibi.

Nilimpigia simu. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Baridi.

Nikamweleza kwamba sheria inanitaka nione kitambulisho, na kwamba namwomba kila mtu, hata mzee wa kanisa aliyenunua kisu cha mkate alinionyesha leseni ya udereva. Nikamwambia anaweza kuziba namba kwa kidole. Mimi nataka sura, jina na tarehe ya kuzaliwa tu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwetu mtu hajui hata tarehe aliyozaliwa, nimeandikiwa Januari mosi na mwalimu. Hiyo pia yafaa?" Nikamwambia yafaa sana. Picha ikaja usiku huo, pasipoti, kidole gumba chenye hina kimeziba namba.

Ningeweza kukituma hapo. Nilikuwa na jina, sura na tarehe. Kilichonizuia ni kesi ambayo kila anayeuza kisu kwa mbali hapa Uingereza anapaswa kuijua. Juni 2022, Wolverhampton, Ronan Kanda, kijana wa miaka 16, aliuawa hatua chache kutoka kwao na vijana wenzake waliomfananisha na mtu mwingine. Silaha zilinunuliwa mtandaoni kwa jina la mama wa mmoja wao, na huyo kijana akaenda kuzichukua posta saa chache kabla. Ile sheria iliyopiga marufuku panga za kininja kuanzia 1 Agosti 2025 inaitwa kwa jina la Ronan. Kwenye karatasi, mnunuzi alikuwa mtu mzima. Mkono uliopokea haukuwa wa mtu mzima.

Tangu nisome habari ile siamini tena jina. Yule bibi alinitajia wajukuu wanne, na mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, "ndiye anayenishikia simu maana mimi sioni vizuri." Simtuhumu kijana wa watu. Lakini kwenye simu hiyo mimi nilikuwa naongea na nani pale ujumbe ulipokuwa wa maandishi?

Nikaenda kaunta ya posta kuuliza huduma ya kukagua umri mlangoni, ambapo tarishi hakabidhi mzigo mpaka aone kitambulisho. Nikaambiwa ile ni ya biashara zenye mkataba. Mtu binafsi anayekuja na boksi lake moja anapewa huduma ya saini, na saini ni ya yeyote anayefungua mlango. Hapo ndipo muuzaji mdogo anapobanwa: sheria inamtaka ahakikishe mkono, na kaunta inamuuzia saini.

Mwenye kampuni analipia mkataba, mimi nina njia mbili tu, na ndizo nazitumia hadi leo. Ya kwanza, natuma kwenye sehemu za kazi: mgahawa, bucha, karakana, mahali ambapo mnunuzi nimemwona kitambulisho na mlango si wa nyumba ya kuishi. Wapishi wenzangu wamekuwa wateja wangu wakubwa kwa sababu hiyo tu. Boksi naliandika kwa herufi kubwa pande mbili kwamba mna kitu chenye makali, wapewe wenye miaka 18 na kuendelea. Mwanzoni niliogopa kwamba maandishi hayo yatamwalika mwizi. Hakijapotea hata kimoja.

Ya pili ni mkono kwa mkono. Na mkono kwa mkono una mtego wake, maana kutembea na kisu hadharani bila sababu ya msingi ni kosa hapa, na wa kueleza sababu ni wewe uliyekutwa nacho. Hata ile safari ya basi na maboksi matatu kwenda posta siifanyi ovyo. Naenda moja kwa moja, vifurushi vimefungwa na kubandikwa anwani, mazungumzo na mnunuzi yapo kwenye simu. Sipitii sokoni, sipitii kwa rafiki. Mke wangu husema siku za posta ndizo siku pekee ninazorudi nyumbani kwa wakati.

Nikamwambia bibi tusubiri. Akasema, "Samaki hawasubiri," lakini akasubiri wiki sita, hadi harusi ya mtoto wa jamaa zetu Birmingham. Nilishuka kwa treni na boksi limefungwa kwa tepu pande zote, jina lake juu yake, risiti niliyoiandika kwa mkono mfukoni. Nilimkuta jikoni kwa ukumbi, amekaa kwenye kiti cha plastiki anasimamia pilau ambayo hakuombwa kuisimamia. Mwembamba, miwani mizito, kidole gumba kilekile chenye hina.

Tulikata tepu kwa kisu cha mtu mwingine. Nilikitoa kwenye ala, nikakigeuza, nikamkabidhi mpini mbele. Alikipitisha juu ya ukucha wake taratibu, akasikiliza. Akavuta kitunguu kutoka kwenye beseni, akakikata kipande kimoja chembamba hadi ukaona mwanga upande wa pili, akakiinua kwenye taa ya jikoni akamwonyesha binti aliyekuwa anamenya vitunguu saumu.

"Chakata," akasema.

Akanipa pesa, noti zimekunjwa ndani ya leso. Nikashukuru, nikaanza kuondoka. Akaniita.

"Na ile pasipoti yangu iliyomo kwenye simu yako, umeshaifuta?"

Sikuwa nimeifuta. Nilitoa simu, na bibi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasimama karibu kabisa na bega langu kutazama kidole changu.